Ziba Ufa, Usizibe Dirisha

Baridi ya mlimani unaijua. Mvua za masika zikiisha, ukungu hushuka. Miezi ya Juni, Julai na Agosti jua huonekana kwa taabu. Huko Marangu, Mwika, Uru, Kibosho na Machame watu huvaa masweta mpaka mchana. Hata chini mjini Moshi watu hutafuta makoti asubuhi.

Katika miezi hiyo wengi wetu hufanya mambo mawili. Jambo la kwanza, tunafunga nyumba. Jambo la pili, tunaingiza moto ndani. Mambo hayo mawili yakikutana katika chumba kimoja, yanaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Leo tutajifunza namna ya kuzuia upepo wa baridi ndani ya nyumba bila kuzuia hewa. Kazi yenyewe si ngumu. Vifaa vingi unavyo nyumbani. Lakini kwanza nitakueleza kosa langu mwenyewe.

MAMA NA MTOTO WA WIKI MBILI

Mimi ni kijana, mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Mwezi wa Julai mwaka jana mama mmoja alileta mtoto wake kliniki. Mtoto alikuwa na umri wa wiki moja. Nilimpima, nikamwona ni mzima. Nikamwambia mama kama nilivyofundishwa: "Fungua madirisha. Hewa safi ni afya." Mama akaitikia, akaenda zake.

Baada ya wiki moja, saa kumi na moja alfajiri, watu waligonga mlango wangu. Walikuwa wamembeba mama yule katika blanketi. Alikuwa akitapika na kulalamika kuwa kichwa kinapasuka. Mtoto alikuwa amelegea, hana nguvu ya kulia. Niliuliza, "Walilala na jiko ndani?" Wakanijibu, "Ndiyo, jiko la mkaa. Bibi ndiye aliyelileta, ili mtoto asipate baridi."

Bibi huyo alikuwa ameamka mapema kumpashia mzazi mtori. Alipomwita mkwewe hakujibiwa sawasawa. Akafungua mlango, akapiga kelele, majirani wakaja wakawatoa nje. Bila ya bibi kuamka mapema, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Tulitafuta gari, tukawapeleka hospitali kupewa hewa ya oksijeni. Wote wawili walipona.

Waliporudi nyumbani, nilikwenda kuwatembelea.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutugombeza?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuona chumba."

Bibi akaniambia: "Wewe ulisema tufungue dirisha. Tukafungua. Usiku upepo ukaja, mtoto akawa baridi kama maji ya mto. Nikafunga dirisha, nikatundika gunia. Upepo bado ukaja. Ndipo nikaleta jiko. Ungekuwa wewe, ungemwacha mjukuu wako afe na baridi?"

Sikuwa na jibu. Niliingia chumbani, nikapiga magoti, nikaweka mkono chini ya mlango. Upepo ulikuwa unaingia hapo kama maji ya mfereji. Kitanda cha mzazi kilikuwa kimeelekea mlango huo huo.

Basi nikaelewa. Bibi aliziba dirisha, lakini upepo ulikuwa unapita chini ya mlango. Nami nilisema "fungua" bila kuuliza baridi inaingia wapi. Huku kwetu mzazi hukaa ndani muda mrefu baada ya kujifungua, akipumzika na kulishwa. Kwa hiyo chumba chake ni jambo la kufa na kupona. Mganga asiyekijua chumba hicho anatoa shauri nusu.

UPEPO WA USIKU UNATOKA WAPI?

Vijiji vingi vyetu viko kati ya mita 1,000 na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Ndiyo maana mtu wa Marangu huona baridi kuliko mtu wa Moshi mjini.

Mchana jua hupasha joto miteremko ya mlima. Hewa yenye joto ni nyepesi, nayo hupanda juu. Usiku mambo hugeuka. Mlima hupoa. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji, ikifuata mabonde na mito. Kwa hiyo usiku upepo wa baridi hutoka upande wa mlimani kwenda upande wa tambarare.

Kumbuka jambo hili. Mlango au dirisha linaloelekea mlimani ndilo linaloleta baridi nyingi usiku. Dirisha linaloelekea tambarare lina nafuu.

Ndani ya nyumba ni vivyo hivyo. Hewa ya joto hupanda, ikatoka juu penye nafasi kati ya ukuta na bati. Inapotoka, hewa ya baridi huvutwa kuingia chini, hasa chini ya mlango. Hewa hiyo hutambaa sakafuni, ikamfikia aliyelala kwenye mkeka au kitanda kifupi.

Usidharau ufa mdogo. Tuseme mlango wako una upana wa sentimita 80, na chini yake pana nafasi ya sentimita 1 tu. Ukikusanya nafasi hiyo yote mahali pamoja, utapata tundu la sentimita 8 kwa sentimita 10. Tundu hilo linapitisha ngumi ya mtu. Je, ungeacha tundu kama hilo ukutani karibu na kitanda cha mtoto?

BARIDI INAMDHURU VIPI MTOTO MCHANGA?

Mtoto mchanga ana mwili mdogo na kichwa kikubwa. Joto lake hupotea upesi, hasa kichwani. Sisi wakubwa tukiona baridi tunatetemeka, na kutetemeka kunatupa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi. Akipoa sana huishiwa nguvu, hukataa kunyonya, na maradhi humpata kwa urahisi. Kwa hiyo bibi yule hakukosea kuogopa baridi. Alikosea dawa ya baridi.

SUMU ISIYOONEKANA

Mkaa ukiwaka vizuri unakuwa mwekundu, hautoi moshi. Watu husema, "Moto huu ni safi, hauna madhara." Hapo ndipo wanapodanganyika.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksidi. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala koo. Huwezi kuiona wala kuinusa, na huwezi kuamka kwa sababu yake.

Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Sumu hii ikiingia mapafuni, huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ikishashikwa na sumu, haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Ubongo na moyo hukosa oksijeni. Kwanza mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Halafu husinzia. Halafu huzimia. Asipotolewa nje, hufa.

Wajawazito, watoto wachanga na wazee hudhurika upesi zaidi.

Watu wengine huweka beseni la maji karibu na jiko. Maji hayanasi sumu hii. Wengine humnywesha mgonjwa maziwa. Maziwa hayaiondoi sumu hii, kwa kuwa imo ndani ya damu, haimo tumboni. Tena mtu aliyezimia akinyweshwa kitu chochote anaweza kupaliwa na kufa.

Ukimkuta mtu amepata sumu hii, fanya haya:

1. Fungua mlango na madirisha yote mara moja. Vuta hewa safi kabla hujaingia ndani.

2. Mtoe mgonjwa nje. Kwanza watu, kisha jiko.

3. Aliyezimia mlaze ubavu, asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, msaidie kupumua ikiwa umefundishwa.

4. Mpeleke haraka zahanati au hospitali, hata kama amezinduka. Dawa yake kubwa ni oksijeni.

"ZAMANI TULILALA NA MOTO, MBONA HATUKUFA?"

Bibi aliniuliza swali hili. Ni swali zuri.

Nyumba ya zamani ya Wachagga ilikuwa ya msonge. Iliezekwa kwa nyasi au majani ya migomba tangu kileleni mpaka karibu na ardhi. Ndani walikaa watu na ng'ombe, na moto ulikuwa katikati. Nyumba ile haikuwa na madirisha, lakini nyasi zake zilipitisha hewa. Moshi ulipenya polepole paa zima. Hata hivyo tusiisifu kupita kiasi. Moshi ule uliumiza macho na vifua, hasa vya akina mama waliokaa jikoni kila siku.

Nyumba zetu za leo ni tofauti. Kuta ni za matofali, saruji au mbao. Paa ni la bati. Wengi wameweka dari. Bati halipitishi hewa kama nyasi. Ukifunga mlango na dirisha la nyumba ya saruji yenye dari, umefunga sanduku. Moto uliowaka katika msonge haufai kuwashwa katika sanduku.

TAFUTA NYUFA KWANZA

Usianze kuziba kabla hujajua upepo unapita wapi. Kuna njia tatu rahisi.

Njia ya kwanza ni ya mchana. Funga mlango na madirisha, kisha simama ndani. Angalia mahali mwanga unapopenya. Mwanga ukipenya, upepo nao hupenya. Tia alama kwa kipande cha mkaa.

Njia ya pili ni ya usiku, wakati upepo wa mlima unaposhuka. Funga unyoya wa kuku kwenye uzi. Upitishe polepole kando ya mlango, dirisha na ukuta. Mahali unyoya unapocheza pana ufa. Usitumie kibatari karibu na mapazia au mbao kavu. Utaunguza nyumba.

Njia ya tatu ni mkono. Lowesha kiganja kwa maji, kisha kipitishe penye kiungo cha mlango na sakafu. Mkono uliolowa huona upepo upesi.

NAMNA YA KUREKEBISHA MLANGO

Mlango ulioinama. Mara nyingi mlango hushuka upande mmoja kwa sababu bawaba zimelegea. Kaza skrubu zake. Kama tundu la skrubu limepanuka na skrubu haishiki, chonga njiti ya mti, ipake gundi ya mbao, igonge ndani ya tundu, ikate, kisha rudisha skrubu. Itashika tena. Mlango ukisimama sawa, nyufa nyingi hupotea zenyewe.

Chini ya mlango. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mpira. Chukua mpira wa ndani wa gurudumu la gari uliochakaa. Kata ukanda wenye upana wa vidole vinne na urefu wa mlango. Upigilie kwa misumari midogo upande wa ndani, chini ya mlango, mpaka mpira uguse sakafu kidogo. Mlango unaofungukia ndani utaburuta mpira huo, kwa hiyo usiuache mrefu sana.

Ya pili haihitaji hata msumari. Shona mfuko mwembamba na mrefu kwa kitambaa cha zamani, wenye urefu wa mlango. Ujaze mchanga mkavu, au mchanga uliochanganywa na maranda ya mbao. Ushone mdomo. Usiku ulaze mfuko huo chini ya mlango, kwa ndani. Asubuhi uondoe ili watu wasijikwae.

Pembeni mwa mlango. Pigilia papi, yaani ubao mwembamba, kwenye fremu kuzunguka mlango, ili mlango ukifungwa uegemee papi hizo. Kama bado pana nafasi, kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli na uupigilie juu ya papi. Mpira hujaza nafasi mlango unapofungwa.

Onyo: usirande mlango wakati wa masika kwa sababu tu umekaza. Mbao hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi hukauka na kusinyaa. Ukiuranda sana mwezi wa Aprili, utabaki na ufa mkubwa baadaye. Tena unaponunua mlango mpya, mwulize fundi seremala kama mbao zilikauka vizuri. Mbao mbichi husinyaa na kujikunja zikiwa tayari mlangoni.

NAMNA YA KUREKEBISHA DIRISHA

Dirisha la mbao hurekebishwa kama mlango. Kaza bawaba, zungushia papi, tia ukanda wa mpira. Weka na komeo zuri linalovuta dirisha likabane na fremu.

Kama kioo kimevunjika na huna pesa ya kioo kipya, tumia karatasi nene ya nailoni inayopitisha mwanga. Ibane kwa papi ndogo pande zote nne. Usitundike gunia. Gunia hupitisha upepo, huzuia mwanga, na hukusanya vumbi.

Usipigilie dirisha misumari likafungwa moja kwa moja. Lazima liweze kufunguliwa kutoka ndani kila siku. Moto ukizuka, dirisha ni njia ya kutokea.

NAMNA YA KUZIBA UKUTA

Nyufa za ukuta wa udongo zizibwe kwa udongo. Changanya sehemu 3 za udongo mwekundu na sehemu 1 ya mchanga. Tia nyasi kavu zilizokatwakatwa. Ponda kwa maji mpaka ushikamane. Jaribu kwanza mahali padogo. Ukikauka ukapasuka, ongeza mchanga. Ukimomonyoka, ongeza udongo. Kabla ya kuziba, kwangua vumbi ndani ya ufa na ulowe kwa maji, la sivyo udongo mpya hautashika. Ufa mkubwa uzibwe mara mbili: kwanza ndani, ukauke, ndipo umalizie juu.

Ukuta wa matofali au saruji uzibwe kwa sehemu 1 ya saruji na sehemu 5 za mchanga. Funika kwa kitambaa kilicholowa siku mbili au tatu ili usikauke haraka.

Ukuta wa mbao uzibwe kwa papi. Njia ya bei nafuu ni kubandika karatasi za magazeti kwa ndani kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Bandika karatasi mbili au tatu, moja juu ya nyingine. Usibandike karatasi karibu na taa ya moto.

Wengine huchanganya udongo na samadi. Samadi hushika vizuri, lakini ina vijidudu vya pepopunda. Kama umeshika samadi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, na usiruhusu kitu chochote kigusane na kitovu chake. Katika chumba cha mtoto mchanga ni afadhali kutumia udongo mtupu.

SASA, USIZIBE HAYA

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye somo la leo. Ufa na dirisha si kitu kimoja. Ufa huingiza upepo mahali usipotaka na saa usiyotaka. Huwezi kuufunga wala kuufungua. Dirisha unalitawala wewe. Kwa hiyo ziba ufa, lakini dirisha liache lifanye kazi yake.

Kila chumba cha kulala kiwe na tundu la hewa juu ukutani, lenye ukubwa wa daftari la shule, upande usioelekea mlimani. Kama unaweza, yawe mawili katika kuta mbili. Tia wavu kuzuia mbu. Hewa chafu ni ya joto, hupanda na kutoka hapo. Kwa kuwa tundu liko juu, halimpulizii mtu kitandani.

Nafasi iliyo kati ya ukuta na bati katika chumba cha kulala unaweza kuiziba upande wa mlimani. Jikoni usiizibe. Moshi wa kuni lazima upate njia ya kutoka. Kama unaweza kujenga dohani, jenga. Kama huwezi, jiko liwe na dirisha na nafasi juu ya ukuta, na watoto wadogo wasikae penye moshi. Moshi wa kuni huwaletea watoto nimonia, na kwa watu wazima huharibu mapafu.

Asubuhi jua linapotoka, fungua madirisha yote, hata kama nje pana baridi. Mpeleke mtoto chumba kingine wakati huo. Anika mablanketi juani. Jioni funga dirisha la upande wa mlimani. La upande wa tambarare liache wazi kiasi cha upana wa kiganja, ulitie ndoano lisipigwe na upepo. Sogeza kitanda kisiwe mbele ya mlango wala chini ya dirisha.

Kwa nini tunahangaika hivi na hewa? Kwa sababu ya kifua kikuu pia. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa, vijidudu huelea hewani. Katika chumba kilichofungwa hukaa saa nyingi, na wenzake huvivuta. Hewa ikipita, vijidudu hupungua.

Mkoa wetu unaujua ugonjwa huu tangu zamani. Hospitali ya Kibong'oto, iliyoko Siha, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wazee watakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, na kifua kikuu kilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyozungumzwa. Siku hizi kifua kikuu kinatibiwa bure. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aje apimwe.

KUMPA MTOTO JOTO BILA JIKO

Bibi aliniuliza, "Sasa nikitoa jiko, mtoto atapata joto wapi?" Nilimjibu, "Kwa mama yake."

Mwili wa mama ni jiko lisilo na sumu. Mtoto avue nguo, abaki na nepi na kofia. Alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kisha wote wawili wafunikwe kanga na blanketi, lakini uso wa mtoto uwe wazi ili apumue. Baba naye anaweza kufanya hivyo mama anapopumzika.

Mtoto avalishwe kofia na soksi. Asiogeshwe siku ya kwanza ya kuzaliwa. Siku nyingine aogeshwe mchana kwa maji ya uvuguvugu, katika chumba kisicho na upepo, akaushwe upesi. Nepi iliyolowa ibadilishwe mara moja. Anyonye mara kwa mara, usiku na mchana. Maziwa ya mama ndiyo kuni za mwili wa mtoto.

Ukitaka kupasha chumba joto, ota moto jikoni au nje, pasha blanketi, ulilete lenye joto. Jiko lenyewe lisiingie chumbani. Hata makaa yanayoelekea kuzimika, hata kwa muda mfupi, yasilale na watu.

MLETE MTOTO ZAHANATI HARAKA

Mlete mara moja ukiona dalili hizi:

Anapumua haraka. Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 mpaka mwaka 1: pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Anakataa kunyonya, amelegea, ana degedege, au mwili wake ni wa baridi au wa moto sana.

Usingoje kesho.

CHUMBA KILE LEO

Nilikwenda tena nyumbani kwa bibi mwezi wa Agosti. Mwanawe alikuwa amekaza bawaba na kupigilia mpira chini ya mlango. Ufa wa ukutani umezibwa kwa udongo. Kitanda kimehamishwa. Juu ukutani wametoboa tundu la hewa na kulitia wavu. Gunia limeondolewa dirishani. Jiko la mkaa lilikuwa nje barazani, limepikiwa ndizi.

Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, amevaa kofia nyekundu. Bibi aliniambia, "Usiku nausikia upepo huko nje kwenye migomba. Ndani haufiki." Kisha akaongeza, "Siku nyingine ukimwambia mtu afungue dirisha, kwanza nenda ukaone mlango wake."

Nimelishika shauri hilo. Sasa nikimwona mzazi kliniki miezi ya baridi, ninamwuliza anapolala, mlango unaelekea wapi, na jiko linalala wapi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ziba ufa wako wiki hii, kabla baridi haijazidi. Dirisha lako liache lifunguke.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako, ni mlango gani au dirisha gani linaloelekea mlimani?

2. Kwa nini mkaa usiotoa moshi unaweza kuua?

3. Kuna tofauti gani kati ya ufa na dirisha?

4. Nani kijijini kwenu ana mtoto mchanga sasa? Nani atakwenda kumsaidia kuziba nyufa za chumba chake?